Bwawa la Nyuma ya Minazi

Nimerudi Bagamoyo baada ya miaka 11 ya kuishi jimbo la North Carolina, Marekani, na kilichonishtua kuliko vyote si nyumba mpya zilizojaa pale tulipokuwa tukiokota maembe, bali ni bwawa letu la nyuma ya minazi, upande wa kuelekea bonde la Ruvu, lile tulilochota maji ya kufulia na ya kumwagilia mchicha. Nusu yake imefukiwa kwa kifusi. Katika nusu iliyobaki, kando ya yungiyungi, nilikuta vijiua vya njano vimesimama juu ya maji kwa vikonyo vyembamba. Nilichutama, nikainua uzi mmoja wa majani yake, nikaona vifuko vidogo kuliko mbegu za ufuta vimeshikamana nao huku na huku. Huo ni mmea unaokula nyama, ambao wataalamu wanauita Utricularia.

Naandika kwa uchungu, kwa sababu ugenini nilikuwa nikiamka alfajiri na kulipa nauli ili nikaone mimea ya namna hii. Mmea mashuhuri wa kule, Dionaea, ambao jani lake hufumba mdudu anapogusa vinyweleo vyake mara mbili katika muda wa sekunde 20 hivi, asili yake ni eneo dogo tu la North Carolina na South Carolina, kuzunguka mji wa Wilmington. Wenyeji wanaulinda hasa: tangu Desemba 2014, kuuchimba porini bila kibali cha mwenye ardhi ni kosa kubwa la jinai katika North Carolina. Nilipiga picha, nikawatumia ndugu zangu, nikajisifu kwamba nimeona maajabu ambayo kwetu hayapo.

Na huu wa kwetu, nathubutu kusema, unaupita ule kwa ustadi. Hauna mizizi kabisa, unaelea. Kila kifuko husukuma maji nje polepole hadi kuta zake zibonyee, kama chupa ya plastiki uliyoibana kwa mkono na kuizamisha kwenye ndoo. Ukiiachia, maji hujivuta ndani kwa kishindo. Mlangoni pana vinyweleo. Kijidudu cha majini, hata kiluwiluwi kichanga cha mbu, kikivigusa, mlango hufunguka kwa ndani na maji humfyonza pamoja nayo kwa muda usiofika hata sehemu moja ya elfu ya sekunde. Kisha mlango hufunga, mmea humyeyusha, na kifuko huanza tena kusukuma maji. Mmea hufanya hivyo kwa sababu maji ya mahali kama hapa yana uhaba wa naitrojeni na fosforasi, ambazo mimea mingine huzipata ardhini kwa mizizi.

Nilimpelekea shangazi kidogo ndani ya bilauri. Aliutazama kwa muda mrefu. "Haya ni majani ya maji tu, mwanangu. Tulikuwa tunayasukuma pembeni ndipo tuchote." Sikumlaumu, kwani hata mimi niliyasukuma kwa ndoo yangu miaka yote ya utoto. Ninaowalaumu ni wanaoliita bwawa hili dimbwi la mbu ili walipime viwanja, na miongoni mwao wamo watu wa damu yangu.

Anayetaka kuuona mmea huu na atafute bwawa la maji yasiyo na chumvi, yaliyotulia, lisilopokea mbolea ya mashambani wala maji ya sabuni, maana maji yakishiba virutubisho, magugu mengine huusonga. Aende maua yakiwa yamechanua, kwa kuwa bila maua hautofautiani na nyuzi za mwani. Achukue kioo cha kukuzia, na asiingie majini miguu mitupu, kwani konokono wa mabwawa yetu hubeba kichocho; mimi nilikiugua nikiwa darasa la nne. Tena auangalie na kuurudisha majini. Kuuweka kwenye chupa sebuleni ni kuuua.

Jana jioni nilikwenda kwa mjomba, mwenye sehemu iliyosalia. Baada ya shikamoo nilimwomba asiiuze, nikamwambia kwamba niko tayari kuinunua mwenyewe kwa bei ileile aliyopewa na dalali. Alinyamaza, akasema maji hayajawahi kumlisha mtu. Kisha akanipa muda hadi masika yaishe.