Pumzi za Zuhura

Zuhura aliletwa Karen, kitongoji cha Nairobi, akiwa na miaka mitano, poni jike, yaani farasi wa aina ndogo, wa kahawia mwenye nyota nyeupe kipajini. Kimo chake begani hakikufika sentimita 135, na kwa kuwa poni huhesabiwa poni mpaka sentimita 148, hata miongoni mwa wenzake alikuwa mdogo. Mimi ndiye niliyekuwa saisi mwepesi kuliko wote pale zizini, basi kazi ya kumpanda ikaniangukia.

Kuruka aliweza. Shida ilikuwa mwendo kabla ya kuruka. Akikiona kiunzi tu, anachomoka, hatua zinakuwa fupifupi za papara, kisha ama anajirusha kutoka mbali mno au anafika karibu mno na kuzoa fito kwa kifua. Huko alikotoka walikuwa wakimfukuza kwa mjeledi kuelekea viunzi. Mnyama aliyefundishwa hivyo hakimbilii kiunzi kwa kukipenda, anataka yaishe. Hilo liliniuma sana, na bado linaniuma.

Wapo waliopendekeza afungwe lijamu kali zaidi. Mzee aliyetusimamia, aliyekulia kati ya farasi wa mbio kule Barabara ya Ngong, hakutaka hata kulisikia. “Mdomo wake una kosa gani?” aliuliza, na mjadala ukafa.

Asubuhi ninayoikumbuka ilikuwa ya Juni, baridi ile ya Nairobi inayoingia mpaka vidoleni, na ukungu umevifunika vilima vya Ngong. Mzee alipanga fito nne chini uwanjani, akipima nafasi kwa miguu yake, kama mita 3 baina ya moja na nyingine, hatua moja ya kanta, zile mbio za polepole za farasi, kwa poni wa kimo kile. Hakuweka kiunzi chochote.

“Leo usimwangalie,” akaniambia. “Msikilize pua.”

Farasi akienda kanta, pumzi na hatua zake hufungamana. Miguu ya mbele ikitua anatoa pumzi, akijinyanyua tena anavuta. Hatua moja, pumzi moja. Nilikuwa nimepanda farasi miaka kadhaa bila mtu kunielekeza masikio huko. Tulipozunguka uwanja nikaisikia: fuu, fuu, fuu, imenyooka kabisa. Tukageukia fito, na kabla sijahisi lolote mgongoni mwake, pumzi zikaharakisha.

“Mzungushe!” Mzee akaita. “Usimvute, mzungushe tu!”

Tukachora duara pana mpaka pua ikatulia, ndipo tukazielekea fito tena. Akaharakisha, tukazunguka. Tena na tena, pasipo adhabu na pasipo sauti kali. Ilichosha, lakini niliona masikio yake yakianza kurudi nyuma kwangu, yakiuliza, badala ya kukwama mbele.

Mwendo wa kanta una mapigo matatu, kisha kimya kifupi miguu yote ikiwa hewani. Mamangu ni mtu wa Mombasa, nami nimekua nikisikia chakacha kwenye harusi za kwetu. Bila kupanga nikaanza kuvumisha ngoma ile mdomoni, maana mapigo yake ya tatutatu yaliingia yenyewe kwenye hatua za Zuhura. Anayeimba hawezi kubana pumzi, na mpanda farasi akibana pumzi kiuno hukakamaa, naye farasi huhisi papo hapo kwamba kuna la kuogopa.

“Endelea hivyohivyo, mwanangu!” Mzee akasema. “Anakusikia.”

Tukapita juu ya fito nne, na pua haikubadilika.

Mzee akainua fito mbili zikapishana, katikati yake kimo cha goti, akasimamisha kiunzi cha pili mbele yake, kama mita 6 na nusu, pakabaki nafasi ya hatua moja tu. Hapo ndipo nilipomwogopea. Macho ya farasi yako pembeni mwa kichwa, na kitu kilicho mbele kabisa ya uso wake hakioni vizuri akishakikaribia. Ile hatua ya mwisho huikamilisha kwa alichokiona mbali na kwa kumwamini aliye juu yake. Na Zuhura alikuwa na sababu zote za kutotuamini.

Nikavumisha. Akaruka cha kwanza, akatua, fuu, hatua moja ndefu tulivu, akaruka cha pili kana kwamba ni fito nyingine ya chini.

“Teremka,” Mzee akasema.

Nikamsihi turudie mara moja tu.

“Ameshajibu vizuri. Unamwuliza tena ili akosee?”

Nikateremka, nikalegeza ukanda wa tandiko, nikamtembeza huku nikimsugua shingo. Kesho yake tulianza mkono wa kulia, yaani kuzunguka uwanja kwa kugeukia kulia. Upande huo papara ilikuwa ileile ya zamani, kwa hiyo viunzi vikaondolewa, tukarudi kwenye fito za chini.