Mikorosho ya mjomba na hatifungani yangu

Mwaka juzi mjomba wangu kule Newala aliweka rehani mikorosho 12, alikuwa anatafuta ada ya mtoto na hela ya salfa, ile dawa ya kupulizia mikorosho, akapewa laki sita na jirani mwenye duka, wakaandikishana kwenye karatasi ya daftari na mashahidi wawili, basi. Mi nikajua korosho zikivunwa deni linapungua. Wapi! Mwenye hela anaokota msimu mzima na deni liko palepale, laki sita ileile, mpaka siku utakayoirudisha yote kwa mkupuo. Yaani mavuno ndo riba. Misimu miwili sasa, mjomba anapita pembeni anaangalia mabibo yake yamelala chini, hata kuinama aokote moja anaona aibu.

Benki nako kuna machungu yake ila dhamana yao haiendi hivyo. Hati inakaa kwao, shamba unaendelea kulima mwenyewe, kama ni nyumba ya familia na mkeo lazima aridhie, ukishindwa kulipa wanakupa notisi kwanza ndo waite dalali, na mnada ukizidi deni chenji ni yako. Shida mjomba hati hana, ana karatasi la kijiji tu, benki gani ikupokelee hilo?

Sasa mwaka huu na mimi nimekuwa mkopeshaji, msicheke. Nimenunua hatifungani ya serikali ya miaka 10, yaani nimeikopesha serikali hela yangu kwa riba, Benki Kuu kima cha chini ni milioni moja na ndo hiyohiyo niliyokuwa nayo. Mfano riba ikiwa 12 kwa mia, kila miezi sita unawekewa elfu 60, na milioni yako inarudi mwisho wa muda. Ukibanwa kabla unaweza kuiuza sokoni, ila kama riba za hatifungani mpya zimepanda ujue yako utaiuza kwa bei ya chini. Au unaipeleka benki inakuwa dhamana ya mkopo, we unakopa huku riba yako inaendelea kuingia. Hapo nikamkumbuka mjomba na mikorosho yake, nikanyamaza.

Nilipomweleza akanisikiliza mpaka mwisho, akauliza, "Haya mpwa wangu, na serikali imekuwekea nini rehani?" Nikamwambia hakuna mjomba, ni ahadi tu na kodi wanazokusanya. Akaguna, akasema tuone kwanza habari ya ile laki sita, salfa inaanza kupulizwa mwezi ujao.