Nilivyofanya upepo uonekane kwenye tanga la dau

Handaki langu la upepo hapa Tanga ni sanduku la mbao la sentimita 30 kwa 30, kioo ubavuni, feni nyuma. Feni inavuta, maana ikisukuma hewa hufika imeshajisokota. Mdomoni nimepanga mirija ya soda ya kuinyoosha hewa. Kinachopimwa ni mfano wa tanga la dau, wa bati jembamba, kimo sentimita 15, rangi nyeusi isiyong'aa.

Nilianza na nyuzi. Singa za mkonge, ambazo huku zimejaa tele, hazifai: ni ngumu, zinaelekea zinakotaka zenyewe. Pamba hunywa unyevu wa pwani ikanata kwenye bati. Uliokubali ni uzi wa poliesta wa cherehani, vipande vya sentimita 1.5, ncha ya mbele tu imeshikwa kwa tone la rangi ya kucha. Tone likiwa nene linavuruga hewa, na uzi unasema uongo. Nilipolizungusha tanga hadi digrii 20 kutoka uelekeo wa upepo, nyuzi za nyuma upande wa demani (usiopigwa na upepo) zilitetemeka, kisha zikageuka kutazama mbele. Hapo hewa imeshaachana na tanga.

Ila nyuzi huonyesha ya kwenye bati tu. Ya mbali yanataka moshi. Udi niliujaribu nikauacha, moshi wake una joto na hupanda. Kilichofaa ni waya wa nikromu (aloi ya nikeli na kromu) wa unene wa milimita 0.1, uliosimamishwa wima mbele ya tanga na kupakwa kwa sponji mafuta mepesi ya watoto. Mafuta hujigawa matone, na umeme ukiupasha waya moto, kila tone hutoa mstari wake wa moshi.

Waya wa sentimita 30 una ukinzani wa kama omu 42. Betri moja ya volti 12 haikutosha. Mbili zikiungwa mfululizo hupitisha kama ampea 0.57, na moshi hutoka sekunde moja au mbili, basi. Waya ukipata moto hurefuka na kulegea, kwa hiyo chini nimeuning'inizia nati. Usiwashe umeme feni ikiwa imezimwa: waya utaiva mwekundu na mafuta yanaweza kuwaka.

Kwenye kasi ndipo nilipopoteza muda mwingi. Kwa mita 3 kwa sekunde namba ya Reynolds ya waya (kipimo cha nguvu ya mwendo wa hewa dhidi ya mnato wake) ni kama 20. Ikikaribia 47, waya wenyewe huanza kumwaga vimbunga vidogo, mistari ikapinda kabla ya kulifikia tanga. Matone nayo yanauongezea unene, ndiyo maana sivuki mita 4. Taa iwe ubavuni, kitambaa cheusi nyuma, na simu ianze kurekodi kabla hujabonyeza swichi.