Ukuta ulisubiri, vifaa vikaja: tulivyoisukuma bajeti ya kaunti

Chuo anuwai cha wadi yetu kilikuwa na karakana mpya, paa jekundu na kibao kikubwa cha kutangaza mradi. Kilichokosekana ni watu wa kufundisha. Mkufunzi wa umeme alistaafu, wa ushonaji akafuata, na nafasi zao zikabaki wazi. Aliyesalia ni mwalimu wa useremala, ambaye pia ndiye aliyekusanya karo, akaandika barua na kufungua lango asubuhi. Mashine ya kulehemu ilifunikwa gunia pembeni kwa kuwa hakukuwa na vijiti vya kulehemu, na mara nyingi hata tokeni za umeme zilikuwa zimeisha. Vijana wakimaliza kidato cha nne walijiandikisha Januari, na kabla mvua za Aprili hazijakolea wengi walikuwa wamerudi kwenye bodaboda.

Mimi ni katibu wa kikundi cha vijana hapa wadini. Habari ya chuo ilikuwa imeimbwa miaka nenda miaka rudi, kwa chifu, kwa mbunge, kwa yeyote aliyepita na kipaza sauti. Mambo yaligeuka baada ya Juni 2024. Wakati wa ule Mswada wa Fedha wa serikali ya Kenya, vijana wengi walikuwa wakisoma waraka wa serikali kwa mara ya kwanza, kwenye simu, kifungu kwa kifungu. Rais alipokataa kuutia saini baada ya maandamano, sisi tulibaki na hamu ya kusoma zaidi. Msichana mmoja kikundini, fundi wa simu, akauliza: kama wa Nairobi tumeusoma, wa kaunti yetu uko wapi?

Mswada wa Fedha huhusu namna kodi inavyokusanywa. Shida yetu ilikuwa upande wa pili, namna pesa zinavyotumika, na kwa habari ya chuo anuwai mwenye kutumia si mbunge. Jedwali la Nne la Katiba linaviweka vyuo anuwai vya vijijini mikononi mwa kaunti, pamoja na shule za chekechea. Kwa hiyo mbunge anayekuahidi mkufunzi katika chuo cha kaunti anakuahidi kitu ambacho si chake kutoa. Hilo pekee lilitupunguzia nusu ya safari.

Kupata kitabu chenyewe cha bajeti kulikuwa kazi. Afisa tuliyemkuta alitujibu kwa upole kabisa kwamba kile ni cha matumizi ya ofisi. Hatukubishana naye. Tuliandika barua ya ukurasa mmoja tukitaja Kifungu cha 35 cha Katiba na Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2016, inayoipa ofisi ya umma siku 21 kujibu. Sheria hiyo pia haikudai ueleze unaitakia nini habari, na ukinyimwa unaweza kwenda kwa Tume ya Haki ya Utawala. Nakala ya barua tuliipeleka huko huko kwenye tume, na tukahakikisha jambo hilo linaonekana pale chini ya sahihi. Kitabu kilipatikana kabla siku hazijatimia. Napendekeza sana njia hii. Haina hasira wala gharama, na barua iliyopigwa muhuri wa kupokelewa ni ushahidi ambao simu haitakupa.

Kitabu chenyewe kinachosha. Ni jedwali baada ya jedwali, herufi ndogo, majina ya programu yanayofanana. Tuligawana idara, kila mmoja na kalamu ya rangi yake. Mpango mkuu wa kaunti wa 2023 hadi 2027 ulikuwa umeahidi wazi wakufunzi na vifaa kwa vyuo anuwai. Tukageukia makadirio ya mwaka tutafute ahadi hiyo imewekewa shilingi ngapi. Chini ya idara ya elimu na mafunzo ya ufundi, kwenye mstari wenye jina la chuo chetu, kulikuwa na kitu kimoja tu: ujenzi wa ukuta na lango. Mtu alicheka kwa sauti. Chuo kisicho na mwalimu kilikuwa kinajengewa ukuta.

Rahisi kusema ni ufisadi, na wengine walisema hivyo palepale. Ila sheria yenyewe inachangia. Sheria ya Usimamizi wa Fedha za Umma ya 2012 inaitaka kaunti ielekeze angalau asilimia 30 ya bajeti kwenye maendeleo, na kanuni za 2015 zinaweka kikomo cha asilimia 35 ya mapato kwa mishahara na marupurupu. Ukuta unahesabiwa kuwa maendeleo. Mshahara wa mkufunzi uko upande ule uliofurika tayari. Afisa akiwekwa kati ya hayo mawili ataandika ukuta kila mwaka, na wala hatakuwa amevunja sheria. Ukienda kumpigia kelele kwamba hawajali vijana, atakuonyesha jedwali na utaondoka bila la kusema.

Kwa hiyo tulitengeneza ombi ambalo jedwali lingeweza kulibeba. La kwanza, pesa za ukuta zihamishiwe kwenye mashine na vifaa vya karakana. Hivyo navyo ni maendeleo, kwa hiyo hakuna asilimia inayoguswa. La pili, zile nafasi mbili za waliostaafu zijazwe. Hatukuomba nafasi mpya. Zilikuwa nafasi ambazo kaunti ilikuwa ikizilipia mishahara hadi juzi. Haya mawili, basi. Kikundini kulikuwa na waliotaka tuongeze uwanja wa michezo, maktaba, kituo cha intaneti na mikopo ya vijana. Yote ni mahitaji halali, na mjadala uliwaka hadi usiku, lakini nilisimama imara kwamba ombi lenye vitu kumi humpa afisa nafasi ya kuchagua kile kilicho rahisi kwake. Mpaka leo wapo wanaoninunia kwa ajili ya uwanja.

Kalenda ndiyo iliyofuata, na hapa nitakaa kidogo kwa sababu ndipo vikundi vingi hupotezea nguvu. Watu hujaa kwenye vikao vya bajeti mwezi Mei na Juni, vyombo vya habari vinapoanza kuizungumzia. Wakati huo karibu kila kitu kimeshafungwa. Mpango wa maendeleo wa mwaka unafika bunge la kaunti kufikia Septemba 1. Waraka wa mkakati wa kifedha, unaopanga kila idara ipate kiasi gani, unatakiwa kufika kufikia Februari 28. Makadirio yenyewe huwasilishwa kufikia Aprili 30, na mwaka wa fedha huanza Julai 1. Ikiwa idara ya mafunzo ya ufundi imegawiwa kiasi kidogo Februari, mwezi wa Juni utagombania makombo ndani ya idara hiyo hiyo. Sisi tulipeleka memoranda, yaani maoni yetu kwa maandishi, Septemba, tukarudi Februari na karatasi ileile ikiwa imeongezwa aya moja.

Memoranda ilikuwa ukurasa mmoja. Ilitaja nambari ya ukurasa wa kitabu, mstari, kiasi kilichoandikwa, tunapotaka kiende, na sentensi mbili za sababu. Tuliambatisha orodha ya waliojiandikisha na walioacha, iliyotiwa sahihi na yule mwalimu wa useremala, bila majina ya wanafunzi. Kifungu cha 55 cha Katiba, kinachoitaka serikali ihakikishe vijana wanapata elimu na mafunzo yanayofaa, tulikiweka mwisho kabisa. Maafisa wamekizoea. Nambari ya ukurasa ndiyo iliyowashtua.

Kikao cha maoni ya umma kilifanyika katika ukumbi wa kanisa. Afisa wa hazina ya kaunti alisoma takwimu kwa Kiingereza kwa muda mrefu, huku karatasi ya mahudhurio ikizunguka kwa kasi kuliko maelezo. Nilipopewa nafasi nilisoma ombi letu kwa Kiswahili, na jibu likaja kama tulivyotarajia: mishahara imefika kikomo. Nikauliza, "Na wale wawili waliostaafu, mishahara yao ilikwenda wapi?" Alifungua faili, akaifunga, akasema atafuatilia.

Aliyekimaliza kikao hakuwa kijana. Tulikuwa tumekwenda mapema kwenye chama cha akina mama wa soko, kwa sababu wao ndio wanaolipa karo ya chuo na ndio wanaokaa na vijana walioacha masomo. Nyanya mmoja wa chama hicho alisimama, akajifunga leso vizuri, akamgeukia mwakilishi wa wadi: "Mheshimiwa, wewe ni mwanangu, nilikupigia kura. Mjukuu wangu nimemlipia karo. Sasa huo ukuta ndio utamfundisha kulehemu?" Ukumbi ulilipuka. Mheshimiwa alicheka pia, lakini aliandika. Naamini kwa dhati kwamba mahitaji ya vijana husikika zaidi yakisemwa na mtu ambaye si kijana. Sisi walituona wapinzani wa uchaguzi ujao. Nyanya walimwona kura.

Bado tulimfuata mheshimiwa ofisini baada ya hapo. Hakupenda. Alikuwa ameshawaahidi watu ukuta, na mwanakandarasi huenda alishaanza kupiga hesabu. Tulimpa njia ya kutoka: ukuta usifutwe, usogezwe mwaka unaofuata, na siku ya kupokea mashine awe mgeni wa heshima. Wenzangu wengine waliona huko ni kujipendekeza. Kwangu ilikuwa bei ndogo.

Makadirio ya 2025/26 yalipotoka, mstari wa chuo chetu ulisomeka vifaa vya mafunzo. Tulishangilia, kisha tukakumbushana kwamba kilichoandikwa kitabuni hakijafika mfukoni. Kaunti husubiri mgao kutoka Nairobi, na mgao huchelewa. Tena kuna bajeti ya nyongeza katikati ya mwaka, ambamo kaunti hukata kimya kimya miradi isiyo na mtetezi. Kila robo mwaka tunasoma ripoti ya Msimamizi wa Bajeti kuhusu kaunti, na tunamwandikia karani wa bunge la kaunti kuulizia bajeti ya nyongeza kabla haijajadiliwa. Kazi hii haina picha nzuri ya kuweka mtandaoni, na wanachama kadhaa wametuacha kwa sababu hiyo.

Cherehani zimefika, na mashine ya kulehemu imetoka guniani. Mkufunzi wa umeme ameajiriwa kupitia bodi ya utumishi wa umma ya kaunti, na kundi lake la kwanza linajiandaa kwa mtihani wa ufundi wa NITA, mamlaka ya kitaifa ya mafunzo ya viwandani. Nafasi ya ushonaji ilitangazwa, ikarudishwa, na hadi leo hatujaelezwa sababu.

Kuna jambo jingine tuliloligundua tukiwa tunasoma. Kifungu cha 137 cha ile Sheria ya Usimamizi wa Fedha za Umma ya 2012 kinaunda jukwaa la bajeti na uchumi la kaunti, ambamo raia huketi na gavana na mawaziri wake kushauriana kabla mipango haijaandikwa. Kilivyopitishwa, kinataja wataalamu, wafanyabiashara, wafanyakazi, wanawake, watu wenye ulemavu, wazee na makundi ya kidini. Vijana hawamo kwenye orodha. Akina mama wa soko wana nafasi ya kupendekeza mtu kwa upande wa wanawake, na wamekubali kumpendekeza yule fundi wetu wa simu. Barua imepigwa muhuri, na nyingine ya kuulizia mkufunzi wa ushonaji imekwenda pamoja nayo.