Siku Moja na Bedford Isiyopakwa Rangi

Nilifungua lango la gereji yetu hapa Changamwe saa kumi na mbili na robo asubuhi, kabla malori ya bandarini hayajajaza barabara, nikaanza kulikagua lori la Bedford la mzee mmoja wa Jomvu ambaye anataka lirudi kwenye buluu yake ya zamani.

Saa moja tuliliosha kwa sabuni, kisha tukalipangusa kwa thina, kwa sababu msasa ukipitishwa juu ya grisi huishindilia kwenye mikwaruzo, na rangi huja kutoboka vijishimo baadaye. Kufikia saa tatu bampa, taa na mipira ya vioo vilikwisha kutolewa, na nati zimetiwa kwenye makopo ya maziwa yaliyoandikwa kwa chaki.

Baada ya chai na mahamri nilizungusha sumaku iliyofungwa kitambaa juu ya kabini nzima. Penye pati nene, yaani ule ujiuji mgumu wa kusawazishia bati, sumaku haishiki, na chini ya mlango wa kulia haikushika hata kidogo. Tulipobandua pati hiyo tulikuta matundu ya kutolea maji yamezibwa na udongo, maji ya mvua yamekaa humo miaka, na hewa ya chumvi ya pwani imemalizia kazi.

Mzee alifika saa sita.

“Fundi, si uzibe na pati tu? Nani atachungulia huko chini?”

“Mzee wangu, hebu tia kidole hapa.”

Kidole kilipenya hadi upande wa pili. Alinyamaza kidogo, kisha akauliza bei ya bati.

Tulichomoa nyaya za betri, tukakata sehemu iliyooza kwa grainda na kuchomelea kiraka, tukikigusisha hapa na pale badala ya kuchoma mfululizo, kwani bati jembamba likipata moto mwingi hupinda. Saa nane ndipo tulipokumbuka chakula.

Pati niliipaka saa tisa, safari hii nyembamba, nikapunguza dawa ya kuikausha kwa kuwa joto la Mombasa huigandisha ingali kwenye kikwangulio. Tuliipiga msasa namba 80, kisha 180, yote kwa ukavu, maana pati hunywa maji, na maji hayo huibuka malengelenge chini ya rangi. Wapo mafundi wanaoniona mkaidi kwa jambo hili, nawaachia.

Saa kumi na moja tulipuliza praima ya epoksi, rangi ya kwanza ya kukinga kutu, kwa sababu chuma kilicho uchi kikilala usiku mmoja katika unyevu wa hapa huamka na utando mwekundu wa kutu. Mlango wa kushoto hatukuuwahi, kwa hiyo tuliuacha na rangi yake kuukuu bila kuugusa.