Viatu mlangoni kwa Babu

Jumapili, usiku

Jana tumemzika Babu, Machakos. Miaka 101, ikiwa hesabu yake ilikuwa sawa. Mwenyewe alisema alizaliwa mwaka wa nzige, na nzige hawakuja mwaka mmoja tu.

Alikuwa mzee wa Keya. Aliingia King's African Rifles (KAR, ndiyo Keya), jeshi la Waingereza la Afrika Mashariki, mwaka 1942, akapelekwa Burma na Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki. Mwaka 1944 wakawafukuza Wajapani bondeni Kabaw katikati ya masika ya huko, hadi Desemba wakavuka mto Chindwin pale Kalewa. Hayo nimeyasoma mwenyewe. Kwa Babu vita vilikuwa matope, malaria na viatu. "Mvua nanyesha, gari nakwama, kiatu naoza," alikuwa akisema kwa Kikeya, kile Kiswahili cha kambini kisichojua ngeli. Nyanya alimkataza kukizungumza mbele yetu tusije tukaanguka mtihani.

Kabla ya jeshi hakuwahi kuvaa viatu. Labda ndiyo maana alivihesabu. Aliporudi aliajiriwa na Reli, akapewa chumba kimoja Muthurwa, Nairobi, akalea humo watoto saba, bila kutaja jamaa wa kijijini waliokuja kutafuta kazi wakasahau kuondoka. Kila usiku, kabla ya kufunga komeo, aliinama na tochi akahesabu viatu mlangoni. Pea ikipungua, halali mtu. Alivuta kigoda akakaa.

Agosti 1982, siku ya jaribio la mapinduzi, baba mdogo hakurudi nyumbani. Mjini risasi na uporaji, kisha kafyu. Wakati huo walishahamia mtaa wa Jericho, Nairobi hiyo hiyo. Babu alikaa kwenye kigoda siku mbili, chai ikimpoea mkononi. Kijana alipotokea, kila mtu alingoja aone kiboko. Babu alimwambia tu avue viatu, aviweke mahali pake.

Nilishamuuliza mara moja, nikiwa kidato cha pili, kwa nini viatu. Akanieleza kwamba kule, asubuhi, ukikuta pea haina mwenyewe, huna haja ya kuuliza. Kisha akaomba aongezewe sukari.

Medali yake ilikaa kwenye mkebe wa Kimbo pamoja na vifungo na funguo za kufuli zilizokwisha kupotea. Nyota ya pembe sita, utepe wa buluu na nyekundu umefifia. Nimeigeuza leo: nyuma ni tupu, hata jina lake halipo. Na kiinua mgongo walicholipwa askari Waafrika kilikuwa kidogo kuliko cha Mzungu wa cheo kile kile. Mimi hilo linanichoma. Yeye ama halikumchoma, ama alilificha vizuri. Kilichomchekesha ni soko la nyama la Burma, karibu na City Stadium. Alinunua mbavu za mbuzi pale Jumamosi, akishangaa kwamba jina la mahali alipokula biskuti ngumu za kopo sasa linanukia nyama choma.

Ijumaa usiku, kwenye mkesha, viatu vilijaa mlangoni vikafika uani hadi chini ya mwembe. Raba, gumbuti, viatu vya kanisani, ndara za watoto. Nilichukua tochi yake nikaanza kuhesabu, nikapotea nilipopita sitini. Shangazi akaniona, akaniambia nianze tena, kuanzia upande wa jikoni. Nikaanza tena. Nikapotea tena.

Asubuhi vyangu havikuwepo. Nimemsindikiza Babu kaburini kwa viatu vya mtu nisiyemjua, namba tisa, kisigino cha kushoto kimelika upande. Nimerudi navyo hadi Nairobi, na sasa viko hapa mlangoni. Mke wangu amepita mara mbili akiuliza mwenyewe ni nani.