Dokumentari hazifiki chumba cha kuvalia

Juzi nimemaliza kutazama dokumentari nyingine ya Billie Holiday, mwimbaji wa jazz wa Marekani, ya nne sasa. Ni yale yale: utoto wa shida, ua la gadenia kichwani, wanaume wakorofi, heroini, kitanda cha hospitali. Kadi yake, ile ya polisi ya kumruhusu kufanya kazi klabuni, wameitaja kwa sentensi moja tu, kisha kinanda cha huzuni kikaendelea. Nimezima, lakini siku tatu hizi jambo hilo halinitoki.

Kwa miaka sita nilikuwa mshonaji kwenye klabu ya usiku. Niliwavalisha waimbaji na wachezaji shoo, nikarudishia vishanga vilivyodondoka, nikabana viuno kwa pini mtu alipopungua mwili ghafla. Ndiyo maana hiyo kadi naielewa kwa namna yangu.

Kuanzia mwaka 1940, mtu hakuweza kufanya kazi kwenye klabu inayouza pombe mjini New York bila kadi iliyotolewa na polisi. Hata mhudumu na mpishi walihitaji. Unachukuliwa alama za vidole kama mhalifu, ndipo unaruhusiwa kuimba. Billie alihukumiwa kwa dawa za kulevya mwaka 1947, akafungwa, na kadi ikaondoka. Hakuipata tena mpaka alipofariki Julai 1959.

Alitoka gerezani Machi 1948, na tarehe 27 mwezi huo huo akaimba Carnegie Hall, watu wakajaa pomoni. Ukumbi ule haukuwa klabu ya pombe, kwa hiyo kadi haikutakiwa. Dokumentari zote huonyesha usiku ule kama ushindi, na kweli ulikuwa mkubwa. Lakini Carnegie Hall ni usiku mmoja. Mwimbaji wa klabu anakula kwa klabu: wiki nzima mahali pamoja, seti mbili au tatu, yaani vipindi vya kuimba, kila usiku, wanamuziki waliokuzoea, na baada ya kazi unarudi kulala kwako. Mtaa wa 52, mtaa wa klabu za jazz New York alikojijengea jina, ndio uliofungwa. Ikabaki kuzunguka miji mingine, leo basi, kesho hoteli, nguo ya jukwaani inakunjwa ikiwa bado ina unyevu wa jasho. Halafu msimulizi ananiambia eti hakuwa na utulivu. Angetulia wapi?

Thelonious Monk, mpiga kinanda wa jazz, naye alikaa bila kadi kuanzia 1951 mpaka 1957. Filamu hupenda kofia zake na ukimya wake. Mimi nilitaka kumwona zaidi mkewe, Nellie, aliyekuwa akitoka kwenda kazini ili nyumba iende.

Na kazi yenyewe, ile ya mwili, haionekani kabisa. Kuna mwimbaji mmoja niliyemvalisha muda mrefu kuliko wote. Gauni lake la Jumamosi lilikuwa zito kwa vishanga kiasi kwamba nililinyanyua kwa mikono miwili. Kwapani nilimshonea vitambaa vya kunyonya jasho, navitoa kila usiku, nafua, naanika juu ya kiti. Baada ya seti ya pili aliingia akaketi, miguu imevimba kama mkate uliolowa. Nikainama nimfungulie viatu apumue. Akanishika bega.

"Mdogo wangu, usinivue. Nikivivua havitaingia tena, na bado nina seti moja."

Akakaa hivyo dakika ishirini, macho kafumba, taulo shingoni. Mlango ulipogongwa alinyanyuka akacheka kabla hajafika jukwaani, maana kile kicheko nacho kilikuwa sehemu ya kazi. Watu wakapiga makofi. Nilihesabu nyimbo kutoka nyuma ya pazia, maana nilijua ni ngapi zimebaki.

Sitaki kusema hawakufurahia. Yule dada alipenda kuimba kuliko kitu chochote. Ila kupenda hakupunguzi uvimbe wa miguu.

Josephine Baker, mchezaji na mwimbaji aliyepata umaarufu Paris, naye dokumentari huipa sketi yake ya ndizi ya mwaka 1926 dakika kumi nzima. Aprili 1975, akiwa na miaka 68, alianza onyesho jipya kwenye ukumbi wa Bobino, Paris, akafariki siku nne baadaye, tarehe 12. Wanasema alikufa akifanya alichokipenda. Kabla ya hapo alikuwa amelea watoto 12 aliowaasili, akapoteza jumba lake la Milandes, huko Ufaransa, kwa madeni. Bibi wa miaka 68 anayepanda jukwaani na mavazi mazito ana hesabu za kulipa, na hesabu hizo nazo ni maisha yake.

Sharti la kadi lilifutwa New York mwaka 1967. Billie alikuwa kaburini miaka minane.

Ningepewa kamera, ningeanzia saa kumi jioni: pasi imewaka, gauni limegeuzwa ndani nje juu ya meza, na mtu anauliza kwa sauti ya mafua kama leo ni seti mbili au tatu.